Kifungu cha Sita na Wingu la Muhuru

Katibu wa chama cha wauza omena, dagaa wa ziwani, wa Muhuru Bay hasomi kwa kidole. Husoma miswada ya kaunti kwa kiganja kizima, akikipitisha taratibu juu ya karatasi kama anavyogeuza omena kwenye nyavu za kuanikia, na kila akimaliza ukurasa hunusa hewa ya dirishani. Magamba hung'aa kwenye kucha zake hata siku za mikutano. Noor, mwanachama mwenzake anayeuza magunia, amezoea kumtazama pua kuliko saa. Siku kamati ya kaunti ilipokuja kusikiliza maoni, katibu alisimama akasoma kifungu cha sita, kilichotaka omena zote zianikwe kwenye uwanja mmoja, kilomita nne kutoka ufuoni. Katikati ya sentensi akanyamaza, akanusa. "Koth! Mvua!" Ukumbi mzima ukamwagika nje kuanua omena zilizoanikwa ufuoni, akina mama mbele, Noor na magunia yake nyuma, na mwenyekiti wa kamati akabaki na viti vitupu, kikombe mkononi.

Waliporudi wakicheka, nguo zikichuruzika maji, katibu alipangusa viganja kwa leso na kuifunua karatasi ileile. "Mheshimiwa, tumeanua zote na chai yako bado ina moto. Sasa tuambie, huko kilomita nne tungekuta nini?" Mwenyekiti akatazama kikombe, akacheka mpaka mabega yakatikisika, akaomba kalamu na kuandika pembeni: Kiondolewe. Makofi yalipolipuka, kiganja cha katibu kilikuwa tayari juu ya kifungu cha saba.