Siku Kiwanda cha Pwani Hakikutoa Moshi

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la sita nikaanza kuokota misumari na mabati mitaani Nakuru, na leo nina yadi ya vyuma chakavu na lori mbili. Waliosoma ndio huja kuniuliza bei.

Kwa miaka mingi niliuzia kiwanda kimoja cha chuma kule pwani. Walikuwa wanayeyusha kwa mafuta mazito, yale meusi kama lami, na moshi wao uliuona kabla hujaona paa. Sisi tuliusoma huo moshi. Ukiwa mzito, tanuri linakula, peleka mzigo. Ukikosekana, kiwanda kimelala, na ukiacha mzigo hapo pesa utangoja sana. Kupiga simu kuuliza ilikuwa kazi ya wageni.

Halafu kwa muda nikawa nauzia watu wa Nairobi. Mwaka huu nikanunua kiwanda kizima cha mbao kilichokufa Elburgon, boila, reli na misumeno. Karibu pesa zangu zote zikawa juu ya lori moja, na bei nzuri ilikuwa pwani. Mke wangu akasema nipige simu kwanza. Nikamwambia hii kazi niliianza kabla ya simu.

Tulifika asubuhi, mimi na dereva. Bomba la moshi lilikuwa safi, hata uzi mmoja hautoki. Kando ya barabara dalali mmoja wa vyuma alikuwa amekalia tairi. Nikamuuliza kama kiwanda bado kiko.

"Mzee, wewe si ndiye mkubwa wa hii kazi? Unaona moshi?"

"Sioni."

"Sasa mimi nikuambie nini?"

Kurudi Nakuru na mzigo ni kuchoma dizeli bure, na dalali akasema atauchukua yeye. Tukapima kwa mizani ya hapo karibu, kilo 13,640, akanilipa shilingi ishirini na tatu kwa kilo. Akaomba dereva wangu amfikishie mzigo mahali, si mbali. Mimi nikaingia kibandani kunywa chai.

Chai haijapoa, nikaona lori yangu mwenyewe ikikata kona kuingia lango la kiwanda.

Nilifika pale nikihema. Askari wa lango alisoma shati langu, lina jina la Nakuru kifuani, akacheka.

"Moshi uliisha, mzee. Tanuri ni ya stima siku hizi. Na stima nyingine inatoka kwenu, ile ya mvuke."

Mvuke huo nauona kila nikienda Ndabibi, kule kwetu, kununua mabomba mabovu ya wakulima, unatoka ardhini mweupe. Nilidhani unaishia hapo hapo.

Dereva alitoka na lori tupu, haniangalii usoni.

"Boss, kilo ni zile zile. Wamemlipa yule dalali thelathini na nane kwa kilo."

Hesabu ya hasara niliifanya kwa kichwa, palepale langoni, kabla askari hajatoa simu yake kunisaidia: shilingi laki mbili, elfu nne na mia sita.