Buibui Dume wa Matete

Mpaka leo nikiona kichupa cha jamu mezani damu hunichemka.

Misimu miwili nilikuwa nikitoka Nizwa, ninakofundisha baiolojia, hadi kwenye matete ya wadi moja, bonde la mto wa msimu, karibu na Al Kamil wal Wafi, kumtafuta buibui mdogo kuliko punje ya mchele. Hatandi utando. Huwinda kwa kuruka, na ukimwinamia hugeuka akakutazama kwa macho mawili makubwa ya mbele. Majike nilishawapata. Lakini majike wa jamii hii hufanana mno, na bila ya dume hakuna mtaalamu ambaye angekubali kwamba nimepata aina mpya. Na muda ulikuwa unakwisha, maana wenye mashamba walishasema watayafyeka matete yote kusafisha njia ya maji.

Ijumaa moja, magoti ndani ya tope, nikampata dume. Mmoja tu. Nikamtia kichupani, nikamfikisha nyumbani mzima, nikaingia kuoga.

Nilipotoka, kichupa kilikuwa kimeoshwa na kupinduliwa kando ya sinki.

"Mama, yuko wapi mdudu wangu?"

"Nimemwachia bustanini, maskini. Umemfunga bila ya tundu, wallahi ananitazama kama mtu! Haramu, mwanangu. Buibui ndiye aliyemstiri Bwana Mtume pangoni."

"Huyu hatandi kitu, mama! Anaruka tu!"

"Basi ni jamaa zake," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Nilikasirika hadi nikalia, mtu mzima mimi. Nilipekua mnanaa na mindimu jani kwa jani mpaka adhana ya magharibi. Wiki iliyofuata nikarudi wadini. Matete yameshafyekwa, yamelazwa kando yanakauka. Kwa siku tatu tangu nirudi mama hakupata neno kwangu ila shikamoo.

Siku ya nne nikakuta kichupa mezani kwangu, ndani yake buibui wa ukutani, miguu mirefu.

"Si ndiye huyu?" akauliza mama.

Siye. Kesho yake akaleta mwingine, naye siye. Mpaka sasa kila asubuhi anainama bustanini na magoti yake mabovu, na kila kifuniko hukitoboa kwa msumari ili mgeni wangu apumue. Nami huyatazama matundu yale nikauma midomo. Hata angempata, dume wangu angepita hapo bila ya kukunja mguu.