Alama Nyekundu kwenye Daftari la Espérance

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Kabezi, direkteri, yaani mkuu wa shule, alinipa vipande sita vya chaki na kitabu kimoja cha Kiingereza kwa darasa zima. "Madamu," akasema, "mifano utaitoa kwenye maisha ya watoto. Kitabu hakitoshi." Nilimsikiliza. Nilifundisha hivyo Kabezi, kisha Magara, kisha Rumonge nilikokaa mpaka kustaafu.

Ninyi mnaoanza ualimu leo mna simu zinazotamka maneno. Sisi tulikuwa na ubao. Somo lililonitesa kila mwaka ni lile la «used to», yaani jambo ulilokuwa ukilifanya zamani na sasa umeliacha, na «be used to», yaani kitu ulichokwisha kukizoea. Watoto waliorudi kutoka ukimbizini Tanzania walilishika upesi. Walikuwa wameacha mengi, na mengine walilazimika kuyazoea.

Nilitaka kila mwanafunzi aandike sentensi moja kuhusu kwao, aisome, kisha nipige alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Hapo ndipo nilipokosea, maana Rumonge "kwetu" ya mmoja ilikuwa pia "kwetu" ya jirani yake.

Dawati la mbele walikaa Espérance, aliyerudi kutoka kambini na bibi yake, na Zaituni, mzaliwa wa hapo hapo. Espérance akasoma kwamba zamani babu yake alikuwa akikamua mawese kwenye kiwanja cha nyuma ya soko. Kiwanja hicho sasa kilikuwa cha baba yake Zaituni, na darasa zima lilijua. Nilipowainamia, Zaituni akaninong'oneza, "Iko kweli, madamu. Hata baba anasemaka vile nyumbani." Kiingereza kilikuwa safi. Nikapiga alama.

Wiki iliyofuata bibi yake Espérance alilipeleka daftari lile kwa bashingantahe, wazee wanaosuluhisha ugomvi mtaani, kudai kiwanja. Karatasi nyingine hakuwa nazo, zilipotea alipokimbia. Nikaitwa. Direkteri wa Rumonge, mtu mwenye hadhari kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, alinisindikiza mpaka mlangoni.

"Madamu, ujibu tu kile watauliza. Shule isiingie mu mambo ya viwanja."

Barazani, mzee mmoja akainua daftari. "Hii alama iko yako?"

"Ni yangu."

"Inasema babu ya mutoto alikuwa na ile parseli, kile kiwanja?"

"Inasema Kiingereza chake hakina kosa."

Bibi akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kwa hiyo, mwanangu, hata uongo ukiandikwa vizuri unauwekea alama?"

"Ndiyo, bibi."

Baba yake Zaituni alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, akitazama sakafu. Wazee wakamrudishia bibi daftari, na madai yake yakaishia hapo. Kabla ya mwezi kwisha yeye na mjukuu wake walihamia Nyanza-Lac kwa ndugu. Zaituni alibaki peke yake dawatini, na tangu siku ile hakunyoosha tena mkono katika somo langu.

Nimejitetea miaka yote kwamba ningemtaja Zaituni ningemgombanisha mtoto na baba yake. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba niliogopa kufukuzwa kazi, na sijui ni hofu ipi iliyonifunga mdomo.

Mwaka huu, nikiwa nimekwisha kustaafu, Espérance alinipigia simu. Bibi yake alikuwa amefariki. Alitaka kujua jambo moja tu, kama nilipoisoma sentensi ile niliiamini.

"Nilijua ni kweli," nikamwambia. "Nilijua siku ile ile."

Nikamweleza alichoniambia Zaituni, nikamweleza na habari ya kazi yangu. Nilieleza kwa muda mrefu. Nilipomaliza alinishukuru, "Murakoze, madamu," akakata simu.