Kona ya Kwetu

Leo mama kaniumbua mbele ya wakwe zangu!

Nilikuwa nawapeleka kwetu, mama naye tukiwa naye garini. Pale Magu tukaacha lami, tukashuka na barabara ya mkoa iendayo ziwani.

Mnanijua. Historia ya ile barabara namfundisha hata asiyeuliza.

"Ilichongwa miaka ya tisini," nikawaambia, "viwanda vya samaki vilipofunguliwa, ili malori yafike mwaloni kuchukua samaki. Na hii kona ya kwetu, wataalamu walikuwa wanakwepa mwamba."

Baba mkwe akaitikia kwa kichwa.

Mama, kiti cha nyuma, akacheka.

"Mwamba gani, mwanangu? Wapimaji walipigilia vigingi vyao juu ya kaburi la baba yako. Walipoondoka nikaving'oa, nikavipigilia upya kule kwenye pamba yangu, nikafungia ndama. Waliporudi wakaniomba tu nifungue ndama wangu, wakaendelea na kazi wakifuata vigingi palepale."

Nikapunguza mwendo.

Miaka yote hii nawasifia wataalamu! Nyie wa Magu mlijua, mkaninyamazia?

Baba mkwe, ambaye kamzidi mama umri kwa mbali, akavua kofia, akageuka nyuma.

"Shikamoo, mama."

Mama hata hakusita.

"Marahaba."