Mgeni Mwenye Jiko Lake

Mpishi wa kantini ya kiwandani hakuwahi kumwamini mtu aliyesema ameshiba. Kwake shibe ilikuwa adabu tu ya wageni, na dawa yake ni upawa mwingine. Fundi cherehani wa ghorofa ya juu hakulifikiria hilo alipomwachia mmea wake ndani ya kopo, akienda kumuuguza mama yake.

"Nitunzie mwanangu huyu," alisema. "Nikirudi nimkute hai."

Mpishi alimpenda mwanamke huyo kupenda kwa kukosa usingizi, ila kila akitaka kusema, ulimi ulikufa ganzi na mkono ukapakua wali. Sasa bahati ilimjia kwenye kopo. Akaliweka kando ya jiko, kwenye kona yenye joto isiyo na dirisha, akaanza kuulisha mmea: mchuzi asubuhi, chai ya maziwa jioni. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye ya tatu alimpa supu ya mifupa.

Majani yakapauka, yakawa manjano, mawili yakadondoka.

"Huyu hashibi," mpishi akasema kwa hofu, akaongeza uji.

Fundi aliporudi, harufu ya kopo ilimpokea kabla hajatua mkoba.

"Umempa nini?"

"Kila kitu!" Mpishi alikaribia kulia. "Lakini hali!"

Fundi akacheka mpaka akaketi juu ya gunia la mchele. "Ndugu yangu, huyu hapikiwi, anajipikia! Jani ndilo jiko lake, na moto wake ni jua. Maji anavuta kwa mizizi, hewa anavuta kwa majani, anajitengenezea sukari yake. Wewe umemzimia moto, halafu unammwagia makombo miguuni!"

Mpishi akanywea.

"Kumbe hata jani lina jiko," akasema. "Mimi tu ndiye sina."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima, na kila mtu anajua mwanamume asiye na jiko anatafuta nini. Fundi akaacha kucheka. Akabadilisha udongo, akamrudishia kopo.

"Mweke dirishani. Akitoa jani jipya, njoo juu tuzungumze habari za jiko."

Tangu hapo jua likisogea, kopo nalo lilisogezwa. Hata paka alifukuzwa kwa kosa la kutia kivuli. Asubuhi moja, maharage yakiwa motoni, mpishi aliona kitu cha kijani kikichungulia kwenye shina. Akalikumbatia kopo, akapanda ngazi mbilimbili, mwiko bado mkononi.

Mchana ule, kwa mara ya kwanza, kiwanda kizima kilikula maharage yaliyoungua. Fundi ndiye aliyeyapakua.