Kufuli Tatu na Hisa Moja

Kwanza nilisikia kufuli tatu zikigongana juu ya sanduku la bati. Ndipo nikasukuma mlango wa sebule, nikawaona wanachama wenzangu wamebanana kwenye makochi, sahani za sambusa magotini. Ilikuwa Jumapili, Sparkbrook, mtaa wetu wa ughaibuni, nyumbani kwa mweka hazina wetu, bibi wa Kizanzibari aliyeamini kuwa benki ni jengo lililojaa watu wasiokujua.

Chama chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa na sheria moja kubwa: kila mwenye hisa ana mkono, na mkono mmoja ukibaki chini, sanduku halifunguliwi.

Mimi nilianza bila hisa. Nilikuwa karani tu. Naandika riwaya, wakadhani basi mwandiko wangu ni mzuri. Wala hapakuwa na shujaa kama mimi. Mwezi uliotangulia, muuguzi mmoja Mkenya alipoomba mkopo akodi chumba kule mtaa wa Hockley, ashone magauni ya vitenge kwa cherehani mbili, nilisimama na kalamu mkononi.

"Cherehani mbili za nini? Chukua nne!" nilisema. "Chukua na chumba cha pili!"

"Mwanangu," bibi akasema, "humu huna hata senti. Utaogopa nini? Nunua hisa kwanza, kisha utushauri."

Wakacheka. Nikaona haya, nikanunua, kwa akiba iliyokuwa inipe miezi miwili ya kuandika bila kibarua.

Sasa muuguzi alikuwa amerudi, koti mwilini, zamu ikimngoja, na mwenye chumba alitaka jibu siku hiyo hiyo. Mikono ikapanda mmoja mmoja. Wangu ulilala juu ya daftari, mzito kama jiwe la kusagia.

"Paa halivuji?" niliuliza. "Na wateja wasipokuja? Na cherehani nne zote hizo, za nini?"

"Aki wewe!" muuguzi akaruka. "Si ni wewe ulisema nne? Mimi niliomba mbili!"

Bibi akanitazama juu ya miwani. "Karibu chamani, mwenye mali."

Kicheko kikatikisa sahani. Nami nilicheka.

"Mbili, basi," nikasema. "Na chumba kimoja." Nikainua mkono.

Kufuli zikafunguliwa, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Muuguzi akatia bahasha ya pesa ndani ya koti, akanibana shavu kama mtoto, akatoka mbio. Mlango ukajibamiza nyuma yake, miezi yangu miwili ikiwa mfukoni mwake.