Soksi Alifanya Alichofundishwa

Saa mbili na robo asubuhi, Jumanne, Mwalimu amepiga goti kwenye nyasi za uani kwake, kipande cha ini kikiwa ndani ya ngumi yake. Mbele yake mbwa jike wa rangi ya mchanga anatetemeka kwa hamu, lakini hasogei.

“Acha,” anamwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.

Simu inaita juu ya ndoo. Anaiacha iite, maana somo halikatwi katikati. Inaita mara ya pili na ya tatu. Anafungua ngumi, anampa mbwa haki yake, ndipo anapokea.

Anayepiga ni mama wa nyumba moja aliyoifundishia mbwa mwaka jana. “Mwalimu, Soksi amemng'ata dada. Amemng'ata vibaya. Njoo.”

Anafika baada ya dakika arobaini. Daktari wa mifugo tayari anafunga begi lake. Soksi, mbwa mweusi mwenye miguu myeupe, yuko barazani chini ya shuka la watoto. Dada wa kazi amekwisha kupelekwa hospitali. Sakafu imepigwa deki na inanuka dawa.

“Nilimuuliza daktari kama mbwa alipigana,” anasimulia Mwalimu. “Akaniambia hapana. Baba mwenye nyumba alimwambia ‘lala’, akalala, akadungwa sindano. Katika maneno yote niliyomfundisha yule mbwa, hilo ndilo walilolitumia sawasawa.”

Anasema hivyo bila kupandisha sauti. Mwanamke huyu wa miaka hamsini na mbili akikasirika huongea polepole, na tangu Jumanne ile, wiki saba sasa, anaongea polepole sana.

Leo kwenye kibanda cha kwanza uani kwake kuna mtoto wa mbwa wa kahawia, ambaye wenyewe ni watu wa nyumba ile ile. Walimnunua siku kumi na tisa baada ya Soksi kufa, wakamleta afundishwe. Wanataka warudishiwe mwezi huu. Mwalimu bado hajakubali kumtoa.

Jina la Mwalimu lilianza kama dhihaka. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mlinzi wa ghala, mwanamke peke yake katika zamu ya watu saba. Kampuni ilikuwa na mbwa wanne waliofungwa mchana kutwa na kurushiwa makombo ili wawe wakali. Wenzake waliwaogopa. Yeye akaanza kukaa karibu na banda lao akila chakula chake, kila siku hatua moja mbele, mpaka wakaacha kumbwekea.

“Watu wanadhani mbwa mkali ndiye mlinzi,” anasema. “Mbwa mkali ni mbwa mwenye hofu. Anauma yeyote aliye karibu, na mwizi hakai karibu. Anayekaa karibu ni wewe.”

Ghala lilipofungwa alirudi nyumbani na mbwa wawili ambao hakuna aliyewataka. Jirani mmoja akaona wanavyomtii, akaleta wake. Kaka yake mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu.

“Dada, wenzako wanasomesha watoto, wewe unasomesha mbwa?”

“Wangu hawasahau wakipanda darasa,” alimjibu, na jina la Mwalimu likaanzia hapo. Kaka huyo ndiye aliyekuja baadaye kumjengea vibanda sita vya mabati na mbao, na mpaka leo akipita hupiga hodi akiuliza kama wanafunzi wamekwisha kula.

Mwalimu hupokea mbwa wawili au watatu kwa mwezi. Ada ya mmoja inatosha kodi ya nyumba, wa pili ndiye chakula, wa tatu akipatikana ni shukrani. Mafunzo huchukua wiki nane: kukaa, kulala, kusubiri, kuja anapoitwa, kuacha anachoambiwa aache. Hilo la mwisho ndilo gumu. Soksi lilimchukua wiki tatu. Alikuwa na tamaa ya soli za viatu, na Mwalimu alitoa sadaka ndara zake mbili kabla mbwa hajaelewa.

Mbwa hapigwi hata mara moja. Akifanya vizuri hupata ini la kuchemsha lililokatwa vipande vidogo kama kucha, akikosea hapati kitu. “Mbwa anarudia kile kilichomlipa,” anasema. “Hajui kizuri wala kibaya. Anajua kilicholeta nyama na kilicholeta furaha nyumbani.”

Kwa sababu hiyo ana sharti moja ambalo wateja hulichukia. Watu wote wa nyumba lazima wahudhurie Jumamosi nne za mwisho: baba, mama, watoto, mlinzi wa getini kama yupo, na dada wa kazi. Kila mmoja lazima ashike kamba, aseme maneno yale yale, na mbwa amtii mbele ya wengine. Nyumba ambayo mtu mmoja hana neno kwa mbwa, anasema, mbwa huliona hilo siku ya kwanza.

Kwa Soksi sharti hilo lilivunjwa.

Baba wa nyumba, ambaye Mwalimu humwita Bosi, alikuwa mtu wa shughuli nyingi. Alitaka kumwacha mbwa kama gari gereji, aje alichukue likiwa limetengenezwa. Alikubali kuja Jumamosi mbili na watoto. Mwalimu alipouliza kuhusu dada wa kazi, aliulizwa naye: “Sasa na yeye akija, nani atabaki na nyumba?”

“Nikaendelea na somo hivyo hivyo,” anasema Mwalimu. “Mwezi ule nilikuwa na mbwa mmoja tu, huyo huyo. Nikajiambia dada ndiye anayempa chakula, watazoeana. Wanaosema mbwa hakufundishwa vizuri, sehemu hiyo wanasema kweli. Niliyekubali ni mimi.”

Kilichofuata baada ya Soksi kurudi nyumbani, Mwalimu amekiona kwenye simu. Mama wa nyumba alimtumia video kumi na moja. Alizituma mwenyewe, akilia, siku mbili baada ya Soksi kufa.

Mchezo ulianza kwa bahati. Dada wa kazi aliingia sebuleni na beseni la nguo, kijana mkubwa wa nyumba akapiga makofi na kupaza sauti: “Mwizi!” Soksi akaruka akambwekea. Dada akapiga yowe, beseni likaanguka, nyumba nzima ikacheka. Soksi akapewa kipande cha soseji.

Kesho yake wakarudia, na wiki iliyofuata pia. Wageni wakija, walionyeshwa. Bosi mwenyewe ndiye aliyerekodi nyingi kati ya video hizo na kuzituma kwenye kundi la ukoo, ambako shangazi na binamu walijibu kwa vikaragosi vya kicheko.

Mwalimu anazionyesha moja baada ya nyingine, kidole chake kikipita kwenye kioo kilichopasuka.

“Tazama ya kwanza, mkia unacheza. Anadhani ni mchezo. Hii ya tano, mkia umetulia. Ya tisa hii, masikio yamelala nyuma, mdomo umefungwa, mwili umekaza. Hapa habweki tena. Mbwa aliyeacha kubweka amekwisha kuamua. Mtu yeyote aliyesimama uani kwangu siku moja angeliona hili. Wao walikuwa wanamtazama dada.”

Anaiweka simu chini.

“Walimfundisha wiki kumi na nne. Mimi nilimfundisha nane. Wao ni walimu kunipita. Soseji, kicheko, makofi, wala hawakuruka siku. Soksi alifanya alichofundishwa, halafu wakamuua kwa kufaulu.”

Dada wa kazi, msichana wa miaka ishirini na mitatu, sasa anaishi kwa mama yake mdogo. Mkono wake wa kulia ulishonwa nyuzi kumi na saba, na vidole viwili havikunjiki. Hawezi kukamua nguo. Chai anainywa kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu aliyekopeshwa mkono huo.

“Mimi na Soksi tulikuwa tunaelewana,” anasema. “Nilikuwa nampikia mimi. Mchana wakiondoka, analala mlangoni jikoni. Wakisema lile neno, mwanzoni alikuwa ananiangalia kwanza, kama ananiuliza. Mimi nacheka na wao. Ningefanya nini? Ukinuna unaambiwa dada huna utani.”

Siku ile alikuwepo mjomba mgeni. Alikuwa ameona video na alitaka kuona kwa macho. Dada alikuwa amebeba sinia la vikombe.

“Nilisema, ‘Jamani, leo naomba hapana, vitavunjika.’ Nilikuwa nahofia vikombe.”

Mama yake mdogo, anayechambua mboga pembeni, anadakia bila kuinua kichwa: “Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Na usaha wenyewe umetumbukia kwa nani? Kwa mtoto wa watu.”

Bosi alikubali kuzungumza, kwa dakika kumi, akiwa amesimama kando ya gari lake. Ni mtu mpole, mwenye macho ya usingizi. Anasema hospitali amelipa yeye, hakuna aliyemlazimisha.

“Tulikuwa tunacheza tu. Kila nyumba yenye mbwa watu wanacheza naye. Mimi si mtu mbaya. Lakini mbwa akishaonja damu, utamwacha na watoto?”

Alipoulizwa kwa nini hakusubiri, kwa kuwa Soksi alikuwa na kadi ya chanjo na mbwa wa aina hiyo hufungiwa siku kumi aangaliwe kama ana kichaa, alitazama funguo zake. “Nilitaka limalizike.”

Na huyu mpya? “Watoto wanalia kila siku. Ningewaambia nini?”

Jibu hilo ndilo linalomchoma Mwalimu kuliko yote. Mtoto wa mbwa aliletwa akiwa na wiki tisa, ndani ya sanduku la mashine ya kusagia matunda, amevishwa kola ya Soksi iliyotobolewa tundu jipya ili imtoshe. Kibati cha jina kilikuwa bado kinaning'inia.

“Nikamuuliza Bosi, huyu anaitwa nani? Akasema, ‘Si Soksi tu? Kibati kipo.’ Nikaivua ile kola mbele yake nikamrudishia mkononi. Mbwa huyu hana hata unyoya mmoja mweupe miguuni.”

Alitaka kuwafungia geti siku ile. Kaka yake ndiye aliyemshauri vingine. Alimwambia ukimkataa, watampeleka hivyo hivyo, bila somo lolote, na pale nyumbani wamekwisha kuajiri dada mwingine. Mwalimu akampokea. Akamwambia Bosi, mbele ya mke wake, kwamba mbwa hatatoka mpaka nyumba nzima ihudhurie Jumamosi nne, na wa kwanza kushika kamba awe dada mpya. Bosi akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mtu anayetaka kuondoka.

Jumamosi ya kwanza alikuja dereva na bahasha.

“Bosi amesema hii ni ya somo, na mimi ndiye nimwakilishe.”

“Wewe unalala pale?”

“Hapana, mama. Mimi natoka saa kumi na moja.”

“Basi rudisha bahasha, baba. Wewe huna kosa. Kunywa maji uende.”

Jumamosi ya pili alikuja mama na watoto wawili. Walikuwa wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda kupiga picha. Mwalimu akatazama nyuma yao kwenye gari. Hakukuwa na mtu.

“Dada yuko wapi?”

“Mwalimu, nani atabaki na nyumba?” akasema mama, na alipolisikia neno lake mwenyewe akafumba mdomo kwa kiganja.

Mtoto mdogo alilia akitaka kumshika mbwa. Mwalimu alimwacha ashike, dakika tano, kupitia wavu. Kisha akawaaga. Kijana mkubwa, yule wa makofi, alibaki nyuma kidogo. Aliuliza kama Soksi aliumia alipodungwa. Mwalimu alimwambia hajui, hakuwepo, amuulize baba yake.

Jumatatu Bosi alipiga simu. Alisema mbwa ni mali yake, karatasi za ununuzi anazo, na kama Mwalimu anaendelea na mchezo huu atakuja na polisi.

“Nikamwambia aje nao,” anasema Mwalimu. “Uwanja ni mkubwa. Na wao nitawapa kamba washike.”

Halafu uso wake unabadilika. Anakiri kwamba polisi wakija kweli, atamtoa. Sheria haiko upande wake, na vibanda vingine vitatu vina mbwa wa watu wanaomtegemea. Wateja wawili wamekwisha kumwuliza kama ni yeye aliyemfundisha yule mbwa aliyemng'ata mtu. Mmoja hakurudi.

“Watamchukua, lakini si kutoka mkononi kwangu. Wataingia wenyewe kibandani wamtoe. Nataka wakumbuke kwamba waliinama wakamtoa.”

Akiulizwa anatarajia nini, hasemi habari za vibanda zaidi wala wateja zaidi. Anataka dada mpya wa nyumba ile, ambaye hajawahi kumwona, asimame kwenye nyasi zake, aseme “acha” mara moja, na mbwa aache, huku Bosi akitazama. Baada ya hapo wanaweza kumpa mbwa jina lolote wanalotaka.

Mtoto wa mbwa sasa ana wiki kumi na tatu. Anakula mara tatu kwa siku, anajua kukaa na kusubiri, na wiki hii ameanza kujifunza kuacha. Somo la Jumamosi ni saa tatu asubuhi. Mama wa nyumba ametuma ujumbe kwamba atakuja na dada. Bosi hajasema kama atakuja.